Kupe na Mto wa Matope

Kila fomu ya ufadhili wa utafiti ina lile swali: baada ya miaka 5 utakuwa wapi? Juzi nilikesha nalo, chai ikipoa, nikiandika uongo wa heshima. Mwaka wa 1, kozi ya takwimu. Mwaka wa 2, makala mbili. Mwaka wa 3, kongamano ng'ambo. Ati nishajua mwaka wa 4 nitagundua nini.

Sina ugomvi na mipango. Nina rafiki aliyekusanya data za miradi ya watu miaka 6, kutoka Busia hadi Kilifi, na jina lake halimo kwenye makala hata moja. Hakuwahi kujitengea muda wa kujifunza kuchambua zile data alizobeba mgongoni. Mabosi nao, haraka ya kumfundisha ya nini?

Lakini nikimkumbuka Wangari Maathai, kalamu inasita. Mwaka 1966 alirudi kutoka Marekani akiwa ameahidiwa kazi, akakuta imepewa mtu mwingine. Akaingia anatomia ya mifugo kwa sababu mlango huo ndio uliofunguka, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamifu Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwenye utafiti wa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, alizunguka mashambani akiokota kupe. Huko akaona ng'ombe waliokonda na mito iliyogeuka kahawia kwa udongo. Hakuna aliyemtuma kuangalia mto. Mwaka 1977, akiwa na Baraza la Kitaifa la Wanawake, akaanzisha kampeni ya kupanda miti.

Sasa, aliyelipiwa kupe ana deni kwa mto?

Mfadhili atasema hapana, na hoja anayo. Pesa ni ya kupe, sahihi ni yangu, na wako wasee wanaouita uvivu wao wito. Mimi naona deni lipo. Naweza kuahidi nitakachojifunza kufanya: takwimu, uandishi, kusimamia vijana wa data nikiweka majina yao kwenye makala. Nitakachoona njiani siwezi kukiahidi, na kujifanya sijakiona ili ratiba isiharibike ni uongo mbaya kuliko ule wa fomu.

Basi kwenye mwaka wa 3 nikaandika: miezi 3, kutembelea wakulima bila dodoso. Msimamizi wangu ameipigia mstari mwekundu na kuandika pembeni, "Fafanua." Fomu inafungwa Ijumaa. Bado sijaifuta.