Nani Aagize?

Katika mkahawa wa Kichina wa jimbo fulani, ule unaopika vya kwao tu na haujisumbui kumfurahisha kila mpita njia, mhudumu huleta menyu moja. Mnaweza kuwa wanane mezani, menyu itabaki moja. Anaiweka, anasimama na kalamu yake, na hapo kila mmoja anaanza kumsukumia mwenzake: agiza wewe, aa, agiza wewe bwana. Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi hushangaa kidogo. Kwetu ukitoka na wenzako wa kazini mchana, kila mtu anataja chake, huyu wali kuku, yule ugali samaki, mwingine chipsi mayai, na sahani ya mtu ina mipaka kama kiwanja chenye hati. Kule hakuna sahani ya mtu. Mbele yako kuna kibakuli kidogo na vijiti viwili. Vingine vyote vinakaa katikati na ni vya wote.

Aliyeshika menyu, basi, anawaamulia watu saba watakula nini jioni ile. Nimekula hivyo na wenzangu wa kazi mjini Beijing mara nyingi, na kadiri nilivyozidi kuketi kwenye meza zile ndivyo nilivyozidi kuona kwamba kuwaagizia wengine ni kazi inayompima mtu. Upishi ni wa jikoni. Kujua nani hapa anakula nini, nani anaogopa kusema, nani mshahara wake umekwisha, hiyo ni ya aliyeshika menyu.

Beijing ni mji mzuri wa kulitazama jambo hili kwa sababu ya ofisi zake. Majimbo ya China huweka ofisi za uwakilishi katika mji mkuu, na nyingi kati ya hizo zina mkahawa. Maofisa waliokuja mikutanoni kutoka mbali walihitaji pa kulala na chakula cha nyumbani, kwa hiyo wapishi na viungo vikawa vinaletwa kutoka huko huko. Raia wa kawaida wakagundua kwamba mlango haufungwi, wakaanza kuingia. Mwaka 2010 serikali kuu iliagiza ofisi za ngazi ya wilaya zifungwe, maana zilikuwa zimejaa mjini na matumizi yake yalizua maneno, lakini za majimbo zikabaki na mikahawa yake ikabaki nazo. Ule wa Sichuan, uliojificha kwenye uchochoro karibu na Jianguomen, ukichelewa kufika jioni unapewa namba na kungoja nje na wengine.

Matangazo ya Kiswahili kutoka Beijing yalianza mwaka 1961, na tangu hapo mji ule haujakosa watu wanaoishi kwa lugha hii: Wachina walioisoma chuoni, wakapewa na walimu wao majina ya Kiswahili, na sisi tuliozaliwa nayo. Wenzangu wa kazi walikuwa wa makundi hayo yote mawili, na kwenye meza yetu chakula cha jioni kilifuata asili ya mtu. Wa Changsha alitupeleka kwenye vyakula vya Hunan, kwenye kichwa kikubwa cha samaki kilichofunikwa pilipili nyekundu zilizokatwakatwa na kuchachushwa. Wa Kunming alitupeleka kula uyoga wa Yunnan na tambi za mchele. Kila mmoja siku yake ilipofika alishika menyu bila kubembelezwa, kwa kuwa yuko kwao.

Aliyenifundisha zaidi alikuwa dada mmoja wa Chengdu, mji mkuu wa Sichuan. Menyu aliiacha imefungwa mbele yake huku akituzungukia kwa macho. "Kaka, pilipili unaiweza kweli au unajikaza tu? Mama, tumbo limetulia? Nani ana mwiko?" Kisha akaagiza kwa haraka, bila kututazama tena. Vya baridi viwili vya kuanzia. Mapo tofu, ile tofu laini iliyozama kwenye mafuta mekundu, ikinyunyiziwa unga wa huajiao, punje zinazotia ulimi ganzi hata maji ukiyanywa yana ladha tofauti. Bata aliyefukizwa moshi wa majani ya chai, asiye na pilipili hata chembe. Mgeni hudhani Sichuan ni moto mtupu, ilhali pilipili yenyewe ilikuja China kutoka Amerika mwishoni mwa karne ya 16 tu, na vyakula vya karamu vya jimbo hilo vingi ni vya upole. Yeye aliujua upole huo na aliugawa: moto kwa waliouomba, bata kwa yule mama mwenye vidonda vya tumbo, ambaye alishajiandaa kula wali mkavu na kusema ameshiba.

Mezani alikuwepo pia mwenzetu wa Unguja. Yeye alikuwa na njia yake ya zamani ya kuishi na meza kama hizo: hasemi kitu, anakula mboga. Siku hiyo alikuwa ameona kwenye picha bakuli la kabichi ndani ya kitu kinachofanana na maji safi, akalionyesha kwa kidole. Chakula hicho ni cha heshima sana Sichuan. Yale yanayoonekana maji ni supu iliyochemshwa kwa saa nyingi kwa kuku, bata na paja la nguruwe lililokaushwa, kisha ikachujwa na kuchujwa mpaka ikabaki angavu. Dada wa Chengdu alimwegemea akamwambia polepole, kwa Kiswahili, ili meza nzima isigeuke kuwa mjadala wa dini ya mtu: "Hii inaonekana kabichi, lakini ndani mna kitimoto. Na mboga zote hapa nadhani wanakaangia mafuta hayo hayo." Akamwagizia tango la siki na matunda. Hakuomba radhi sana wala hakutoa hotuba. Ila jioni iliyofuata tulipopanga pa kula, dada huyo ndiye aliyesema twende kwa watu wa Xinjiang, wapishi Waislamu, na sababu aliyotoa ni kwamba ana hamu ya kondoo.

Nimelifikiria tendo hilo mara nyingi kuliko linavyostahili, pengine. Ofisi nyingi, za kwetu na za kwao, zina namna moja ya kumtunza mtu mwenye mwiko: anawekewa sahani yake pembeni. Ni wema, nakubali. Lakini kwenye meza ambayo kila kitu ni cha pamoja, mtu mwenye sahani yake pembeni anakuwa amekaa karibu nasi bila kula nasi. Dada yule alihamisha meza yote, na akaficha kwamba ameihamisha. Mwenzetu wa Unguja hakuwa na deni la kumshukuru mtu.

Kwa watu wa Xinjiang mambo yaligeuka. Harufu ya bizari nyembamba juu ya mishikaki inakupokea mlangoni. Ikaja sahani kubwa kama ungo, kuku aliyekatwa na mifupa yake, viazi, pilipili hoho, na tambi pana zilizomwagwa juu mwishoni zinywe mchuzi. Ukaja pia polo, wali wa Wauighuri uliopikwa kwa nyama ya kondoo na karoti, na yule bwana wa Unguja akautazama, akauonja, akasema, "Hii ni pilau iliyosahau viungo njiani." Tulicheka sana. Tukamsukumia menyu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiwaagizia Wachina chakula, na aliagiza kama anavyoagiza Mswahili mwenye wageni: nusu ya menyu.

Kuagiza kupita kiasi si tabia ya Unguja peke yake. Huko China, mwenyeji ambaye sahani zake zimebaki tupu ameaibika, maana wageni huenda hawakushiba. Desturi hiyo imegombana na sheria. Aprili 2021 China ilipitisha sheria dhidi ya kutupa chakula, ambayo inaruhusu mkahawa kumtoza mteja aliyebakiza chakula kingi, na mkahawa wenyewe, ukiwashawishi wateja waagize zaidi na ukaonywa usisikie, unaweza kutozwa faini hadi yuani 10,000. Wahudumu wengine sasa wanakwambia wazi kwamba inatosha. Sisi tulifungiwa vilivyobaki, na kesho yake ofisi nzima ilinuka kondoo.

Kizuri zaidi katika vyakula vya Waislamu wa kaskazini magharibi, kwa maoni yangu, ni kile cha Xi'an ambacho mteja mwenyewe anakianza. Unapewa bakuli tupu na mkate mviringo, mgumu, usioumuka. Kazi yako ni kuuvunja kwa vidole mpaka uwe vipande vidogo kama punje za soya. Ukivunja vikubwa, mpishi anajua wewe ni mgeni au una haraka. Kisha mhudumu anachukua bakuli lako pamoja na namba yake, mpishi anaupika mkate wako mwenyewe kwa supu ya kondoo na tambi za wanga, na linarudi kwako na kitunguu saumu kilichohifadhiwa kwenye siki na sukari. Kule kuvunja huchukua nusu saa kama mna maneno. Vidole vina kazi, macho yako chini, hakuna wa kumtazama mwenzake usoni, na watu wanasema mambo ambayo ofisini hawayasemi. Nilipata habari za talaka, za mtoto aliyefeli, za mtu anayetaka kuacha kazi, zote juu ya makombo ya mkate.

Zipo pia meza ambazo sizipendi. Shandong, jimbo la Confucius, wana mpangilio mkali wa viti: mwenyeji mkuu anatazama mlango, msaidizi wake anakaa mkabala naye, mgeni wa heshima kulia, na kichwa cha samaki kinaelekezwa kwake naye anywe kwanza. Kati ya marafiki mpangilio huo una utani mwingi na hauna madhara. Mbele ya wakubwa wa kazi unaweza kuwa mateso. Anayeagiza hapo haangalii tumbo la mtu, anaangalia bei. Linakuja jongoo bahari lililopikwa na vitunguu vya majani, jamaa wa lile ambalo mvuvi wa pwani yetu hulikusanya, huliuza na wala haliweki mdomoni, na linakuja moja kwa kila mtu, kwenye kisahani chake. Chakula cha ghali kuliko vyote ndicho ambacho hakiwekwi katikati. Kisha inamiminwa pombe kali ya mtama, na kijana wa mwisho kwa cheo anatakiwa kumaliza kikombe kwa kila mkubwa aliyepo. Nimeona kijana akienda kutapika na kurudi akitabasamu. Vijana wengi wa China siku hizi wanalikataa jambo hilo waziwazi, na ninawaunga mkono. Heshima inayopimwa kwa ini la mtu mdogo sioni ina faida gani.

Kula pamoja chombo kimoja sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa. Sinia la pilau kwenye shughuli lina sheria ambazo mtoto anazijua kabla hajajua kusoma: kula mbele yako, usichimbe katikati, nyama msogezee mgeni. Meza ya Kichina ina sheria hizo hizo karibu zote, ila kwa vijiti. Tofauti iko kwenye hofu ya magonjwa, ambayo kule imeandikwa sana. Daktari Wu Liande, mzaliwa wa Penang aliyepambana na tauni ya mapafu huko Manchuria mwaka 1910 na 1911, baadaye alitetea sinia linalozunguka katikati ya meza, kila chakula na kijiko chake cha kugawia, ili kijiti kilichotoka mdomoni kisirudi chomboni. Baada ya SARS mwaka 2003, na tena baada ya korona, vijiti vya kugawia vilihimizwa upya. Marafiki wa karibu huvisahau, wenzako wa kazini huvikumbuka. Ukitaka kujua umefika wapi na mtu, tazama kama bado anavitumia akikupakulia.

Bili nayo ina tamthilia yake. Wazee wanavutana mikono mpaka mhudumu anakimbia; mjanja hujifanya anakwenda chooni kumbe yuko kaunta. Vijana wanagawana kwa simu, sawa kwa sawa, dakika moja imekwisha. Nilikuwa nikiuona mgawanyo huo mkavu mpaka mwenzetu mdogo, mwenye kodi ya chumba inayomkaba, aliponieleza kwamba akialikwa na kulipiwa mara mbili hawezi kuja mara ya tatu. Akilipa fungu lake anakuja.

Simu imeigusa menyu pia. Mikahawa mingi sasa inabandika mezani msimbo wa kuskani, na kila mtu anaongeza anachokitaka kwenye kapu moja la pamoja kutoka simuni mwake. Hakuna wa kusukumiwa kazi. Mara ya kwanza tulipoitumia njia hiyo, zilitufikia bilinganya sahani tatu, nyama za aina tano, mboga ya majani hakuna, na wali hakuna aliyeukumbuka. Dada wa Chengdu alichukua simu ya aliyekuwa karibu naye, akaghairi vilivyokuwa bado havijapikwa, akauliza mama wa vidonda vya tumbo yuko wapi leo. Alikuwa amechelewa njiani. Akamwekea supu.