Motokaa ya Vita na Rangi Mpya

Mwanadamu hupenda kitu kinachong'aa. Nyumba hupigwa chokaa sikukuu inapokaribia, viatu hupigwa dawa kabla ya safari, na motokaa iliyochakaa hupelekwa kwa fundi ikatoka kama iliyoundwa jana. Tabia hii ni njema, maana wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Walakini wahenga hao hao walisema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Maneno haya yote mawili ni kweli, na kila moja huvuta upande wake. Katika insha hii nataka tuyapime kwa mfano mmoja, nao ni wa motokaa ya vita iliyobaki na rangi yake ya zamani na viti vyake vya zamani. Je, aliyeipata aipake rangi mpya, au aiache na makovu yake?

Chukua jeep, motokaa ndogo iliyoundwa kwa ajili ya jeshi la Marekani. Kati ya mwaka 1941 na 1945 viwanda vya Willys na Ford viliunda zaidi ya 600,000. Zilipakwa rangi ya kijani iliyofifia, isiyong'aa, kwa sababu kung'aa vitani ni kumwita adui. Vita vilipokwisha nyingi ziliuzwa kwa raia, zikapakwa rangi nyingine, zikafanya kazi mashambani. Leo wako watu wanaozinunua, wakazikwangua mpaka chuma kikabaki kitupu, wakashona viti vipya, wakachora upya nyota nyeupe ubavuni. Kazi yao ni ya ustadi, na pengine motokaa hutoka nzuri kuliko siku ile ilipotoka kiwandani.

Hapo ndipo penye swali. Chini ya rangi ya juu mna rangi nyingine, na chini ya hiyo huenda mna namba ya kikosi iliyoandikwa kwa burashi na mkono wa askari. Kiti kimelika upande mmoja, pale dereva alipopandia na kushukia. Msasa haubagui kati ya uchafu na ushahidi. Huondoa vyote viwili, wala hapana fundi awezaye kuurudisha ushahidi uliokwisha kuwa vumbi. Namba ikiandikwa upya, hata ikiwa ni ile ile, hayo ni maneno ya fundi juu ya askari, si maneno ya askari mwenyewe.

Somo hili nililipata nyumbani kabla sijaliona katika kitabu. Babu yangu alikuwa dereva wa jeshi katika Vita vya Pili vya Dunia, akafika hata Burma. Aliporudi alikuja na sanduku la chuma la rangi ya kijani, lenye namba yake ya jeshi juu ya kifuniko. Nilipochaguliwa kuingia shule ya sekondari ya bweni alinipa sanduku lile. Nikaona haya, kwa kuwa wenzangu walikuwa wamenunuliwa masanduku mapya. Nikapata mkebe wa rangi ya buluu na kipande cha msasa, na kwa jioni moja nikalifanya jipya. Kisha nikamwita babu ajionee. Alipitisha kidole polepole juu ya kifuniko, mahali palipokuwa na namba, akasema, "Limependeza, mjukuu wangu." Hakuongeza neno. Alifariki nilipokuwa kidato cha pili. Siku tulipotaka kuandika habari za maisha yake, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeikumbuka namba ile. Sanduku ninalo hata leo. Bado linang'aa, lakini halina la kuniambia.

Mtu aweza kunipinga, na hoja zake zastahili kusikilizwa. Atasema kwanza kwamba kutu haina heshima kwa historia, na motokaa ikiachwa tu italiwa yote. Hayo ni kweli, lakini kutunza si kuacha. Mwenye busara huiweka motokaa mahali pakavu, huizuia kutu isienee, hufuta vumbi, hupaka nta juu ya rangi ya zamani, na hushona mshono ulioachia bila kutupa kitambaa. Kazi hiyo yahitaji subira nyingi kuliko kupaka rangi.

Atasema pili kwamba jeshi lenyewe lilizipaka rangi motokaa zake mara kwa mara, na mkulima naye akapaka yake. Basi rangi ya asili ni ipi? Swali hili lafanana na lile alilolisimulia Plutarch, mwandishi Myunani wa kale, juu ya jahazi la Theseus. Watu wa Athens waliliondoa kila ubao uliooza na kutia mpya, hata wenye hekima wakabishana kama ni jahazi lile lile au ni jingine. Mimi najibu hivi. Ikiwa haja yetu ni kusafiri, ubao mpya wafaa sana. Ikiwa haja yetu ni kujua, ubao mpya haukuwahi kumbeba Theseus. Rangi ya jeshi na rangi ya mkulima zote ni sehemu ya maisha ya motokaa. Rangi yangu ni sehemu ya matakwa yangu.

Atasema tatu kwamba vita ni jambo ovu, nasi twatunza vyombo vyake kwa nini? Hoja hii ndiyo nzito kupita zote, na jibu lake liko Vienna, katika nyumba ya makumbusho ya historia ya jeshi. Humo imo motokaa iliyoundwa na Gräf & Stift, ambayo mrithi wa ufalme wa Austria, Franz Ferdinand, na mkewe Sophie walikuwa wamepanda mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, walipouawa na Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19. Tundu la risasi lingali likionekana ubavuni mwake. Fundi yeyote angeweza kuliziba kwa muda mfupi. Lakini risasi zile ziliwasha moto uliofika hata kwetu Afrika Mashariki, wapagazi wakachukuliwa kwa nguvu, na makumi ya maelfu yao wakafa kwa maradhi na njaa. Mtaa wa Kariokor wa Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam vimebeba jina la kikosi chao. Tundu lile likizibwa, mtazamaji ataona motokaa nzuri ya mfalme. Likiachwa, ataona mauti yalivyoingia. Anayeipaka vita rangi inayong'aa huifanya ipendeze, na vijana wasioijua wataitamani.

Basi ipo kanuni tunayoweza kuifuata. Mwaka 1964 wataalamu wa majengo ya kale walikutana Venice, wakakubaliana kwamba kazi ya kurudisha kitu cha kale katika hali yake haina budi kukoma pale kubahatisha kunapoanza. Motokaa iliyokwisha kukwanguliwa na kupoteza alama zake, ipakwe na iendeshwe, hapana aliyedhulumiwa. Lakini ile iliyobaki na alama zake ni shahidi, na shahidi hatiwi maneno kinywani.

Nanyi wanafunzi, pengine hamtapata kamwe kumiliki motokaa ya vita. Lakini nyumbani kwenu mna jembe lenye mpini uliolika, au kitabu kilichoandikwa pembeni, au sanduku. Kabla hujashika msasa, nenda kwa mwenyewe angali hai, umwulize alama ile ni ya nini, uandike atakalokujibu.