Vumbi, Kudra na Dhima

Twapenda kulijibu swali lililoletwa mbele ya darasa yetu na ndugu mmoja afanyaye biashara Sironga, huko Nyamira, katika nchi ya Wagusii. Alisema kwamba wao hukaa katika nchi ya mvua nyingi. Lakini ikija miezi ya kiangazi, malori yakapita katika njia za udongo mwekundu, vumbi huingia madukani, hushika vyakula na kuwakohoza watoto. Alipolalamika akaambiwa: "Hiyo ni kazi ya Mungu. Nenda ukaone vumbi la Wajir na la Arabuni, ndipo ushukuru!" Akatuuliza: Je, ni haki mtu kuwekewa sheria kwa ajili ya vumbi, na hali upepo ni wa Mungu?

Swali hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwani ndani yake yamefungamana mambo mawili: kuiamini kudra, na kuchukua dhima. Na wengi wetu tumezoea kulichukua la kwanza tukalifanya kificho cha kulikimbia la pili.

Kwanza na ijulikane kwamba vumbi lenyewe si adui wa mwanadamu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, asiyepata maji hutayamamu kwa mchanga safi wenye vumbi. Usio na vumbi haumtoshi. Na wataalamu wa zama zetu wamegundua kwamba vumbi linalopeperushwa kutoka bonde la Bodélé, nchini Chad, huvuka bahari ya Atlantiki likaurutubisha msitu wa Amazon, huko Amerika ya Kusini. Basi jangwa likitimua vumbi lake, huenda Mola analisha msitu ulio ng'ambo ya bahari, nasi hatujui. Lakini wanazuoni hao hao walioruhusu mchanga wa kutayamamu walisema pia kwamba ukichanganyika na unga au mfano wake haufai tena. Vumbi aliloliumba Mungu lina hukumu yake, na vumbi lililotiwa mkono na mtu lina hukumu nyingine.

Ni ipi mizani ya kuyapambanua haya mawili? Hatuna haja ya kuitafuta mbali. Kila aliyesoma mlango wa saumu ajua kwamba vumbi la njiani likimwingia aliyefunga, saumu yake haiharibiki. Na vivyo hivyo vumbi la unga unaochekechwa. Na katika mlango wa tohara, tope la njia lenye najisi husamehewa kwa kadiri ile ambayo mtu hawezi kujiepusha nayo. Sababu ya msamaha huu ni uzito wa kujiepusha. Kwa hiyo msamaha haukuwekwa juu ya vumbi kwa kuwa ni vumbi. Umewekwa juu ya lile lisiloepukika. Linaloepukika halina msamaha huo, na mwenye kulitimua hawezi kujifunika nao.

Mizani hii hii ndiyo waliyoifikia watu wa mbali wenye majangwa. Marekani imeweka vipimo vya vumbi na chembe zinazoruka hewani, na baadhi ya mikoa yake ina majangwa makubwa, kama Arizona. Wenyeji walisema: mtatuhukumuje kwa dhoruba? Sheria yao ya hewa, kwa nyongeza ya mwaka 2005 na kanuni zilizoifuata mwaka 2007 na 2016, ikajibu kwamba siku ya dhoruba yaweza kutolewa katika hesabu, ikiwa vumbi lile halikuweza kuzuiwa kwa njia za kawaida. Lakini anayeomba kutolewa sharti athibitishe: mashamba, viwanja vya ujenzi na njia za udongo zilizokuwa chini ya mkono wake alizitendeaje kabla ya upepo kuja? Upepo haushtakiwi; huulizwa mtu.

Wala si kila vumbi la jangwani ni la jangwa. Katika bonde la Owens, huko California, palikuwa na ziwa. Mwaka 1913 mji wa Los Angeles ulimaliza kuchimba mfereji wa maili 233, ukayachukua maji ya mto ulioingia katika ziwa lile. Haikupita miaka 15 ziwa likakauka, na sakafu yake ya chumvi ikawa chimbuko kubwa la vumbi kuliko mahali pengine popote katika Marekani. Mgeni aliyepita pale akaona weupe ukipanda mbinguni angesema, "Subhanallah, hii ndiyo nchi ya jangwa!" Kumbe lilikuwa ni deni la mji wa mbali, ambao watu wake walikuwa wakioga na kumwagilia bustani zao. Baada ya mabishano ya miaka mingi mji ulikubali mwaka 1998 kulituliza vumbi hilo, kwa kuirudishia sakafu ile maji kidogo, kupanda majani na kumwaga kokoto. Na gharama yake imepita dola 2,000,000,000. Kulizuia kungekuwa rahisi zaidi kuliko kulirudisha chini.

Hapo hutoka hoja ya pili, isemayo: "Kiwanja ni changu, lori ni langu, kiwanda ni changu, nifanye nitakavyo." Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, amelitaja jambo hili katika Minhaj, kitabu kisomwacho sana na wanafunzi wa madhehebu yetu. Amemruhusu mtu kuifanya nyumba yake iliyozungukwa na majirani kuwa hamamu au zizi la farasi, na duka lake katika soko la nguo kuwa karakana ya mhunzi. Wapenda mali huishia hapo, wakakifunga kitabu. Lakini maneno yanaendelea kwa sharti: akichukua hadhari, na akazitengeneza kuta kwa uimara. Na kabla ya hapo amesema kwamba anayepita mpaka wa desturi katika kukitumia kilicho chake, hudhamini madhara yake. Haki ya mwenye mali inasimama juu ya ukuta. Na asiyejenga ukuta ameibomoa haki yake kwa mkono wake. Basi itakuwaje kwa kazi ambayo moshi na vumbi lake havizuiliki kwa ukuta wowote?

Jambo hili si la kubuni. Limetokea hapa Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, Mikindani. Tangu mwaka 2007 palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, kikipakana na nyumba za maskini. Moshi na vumbi lenye risasi likaingia vyumbani, visimani na katika damu za watoto. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, mtoto wake mwenyewe aliugua. Akasimama na wakazi kudai haki, mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi 1,300,000,000. Wala haikuwalaumu wenye kiwanda peke yao, bali iligawa dhima hata kwa idara za serikali zilizopewa kazi ya kulinda. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu ile, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia. Tangu kiwanda kianze mpaka neno la mwisho la mahakama ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa karibu mtu mzima, na risasi ikiingia katika ubongo wa mtoto, fedha haiitoi.

Huenda mtu akasema: "Maskini wahitaji kazi, na sheria za vumbi zitawafungia riziki." Hoja hii ni nzito, wala haifai kupuuzwa. Na atazame Tabaka, kusini ya nchi ya Kisii, wanakochonga lile jiwe laini ambalo vinyago vyake twaviona vikiuzwa kwa wageni hapa pwani. Wachongaji huchonga jiwe likiwa kavu, na unga wake mweupe hujaa nyusoni mwao. Lakini kazi ya kusugua kwa msasa, ambayo wengi waifanyao ni wanawake, hufanywa ndani ya maji, na unga hubaki katika beseni. Mafundi ni wa mji mmoja na jiwe ni moja. Ndoo ya maji ndiyo iliyowatenga. Aghalabu kuondoa madhara hakutaki kuifunga kazi. Kwataka maji, turubai juu ya mzigo wa lori, kitambaa cha pua, na mwendo wa taratibu mbele ya skuli. Anayesema "ama madhara, ama njaa" mara nyingi hakuuliza bei ya ndoo.

Na mapafu ya mtu wa jangwani hayakuumbwa kwa udongo mwingine. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza vipimo vyake upya mwaka 2021, lilisema kwamba chembe zile ndogo kabisa, ambazo 30 zikipangwa pamoja zakaribia upana wa unywele mmoja, wastani wake kwa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo wa hewa. Halikuweka kipimo kingine kwa watu wa nchi kavu. Mazoea ya kukohoa si afya.

Ama kuhusu kudra, na tumkumbuke Sayyidna Umar (R.A.) alipokaribia Shamu, akapata habari ya tauni, akaamua kurudi na watu wake. Alipoulizwa kama aikimbia kudra ya Mungu, alifahamisha kwamba aiacha kudra moja kuiendea nyingine. Huyo hakuwa na upungufu wa imani. Basi aliyepewa maji ya kunyunyiza, akaacha, kisha akasema "ni kudra", hakumtukuza Mwenyezi Mungu, amemsingizia.

Kwa hivyo twawaambia ndugu zetu, wa Sironga na wa pwani pia: mwenye lori na afunike mzigo wake. Anayekata mawe au kukoroga saruji katika kichochoro na amwage maji kwanza, na aangalie upepo waelekea dirisha la nani. Makhatibu na walitaje jambo hili juu ya mimbari pamoja na mambo ya ujirani, maana ni katika hayo. Na raia wazijue haki zao: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi. Wakiona madhara na waandike mapema, kwa pamoja na kwa adabu, wala wasingoje damu za watoto ziwe ndio ushahidi.

Dhoruba ikija tutafunga madirisha na kusubiri, nasi tutapata thawabu ya subira. Lakini vumbi la mkono wa mtu halisubiriwi, huzuiwa.