Nyerere na Kambona

Urafiki wa zamani mara nyingi hufifia bila ugomvi: kazi hubadilika, salamu huchelewa, mwishowe mmoja tu ndiye anayemtafuta mwenzake. Ule wa Julius Nyerere wa Butiama na Oscar Kambona, mzaliwa wa ufukwe wa Ziwa Nyasa, ulivunjwa na siasa. Walikijenga pamoja chama cha TANU, kilichopigania uhuru wa Tanganyika. Askari wa kambi ya Colito walipoiasi serikali ya Nyerere Januari 1964, Kambona, waziri wa ulinzi, ndiye aliyewakabili kwa mazungumzo. Inauma kwamba hata uaminifu wa namna hiyo haukutosha. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa, njia zao ziliachana, Kambona akaenda kuishi London. Alirejea Tanzania 1992, vyama vingi viliporuhusiwa, akiwa mpinzani.