Kuaga na Kuagana: Wajibu wa Aliyepunguzwa Kazini Kabla ya Kuvuka Ng'ambo

Limekuwa likitujia mara kwa mara sisi walimu wa Kiswahili hapa Uganda, katika vyumba vya walimu na katika mikutano ya chama chetu, swali hili: mtu aliyepunguzwa kazini, kisha akapata kazi nyingine ng'ambo, anawiwa nini na wale anaowaacha? Hatuulizi kama ana haki ya kwenda. Haki hiyo anayo, na anayemwambia mtu asiye na mshahara kwamba anaisaliti nchi yake humwonea. Tunaloliuliza lahusu zile wiki chache za maandalizi, baina ya siku ya kupokea barua na siku ya kupanda ndege, ambapo mambo mengi hutendwa kwa haraka na mengine mengi husemwa yasiyokuwa kweli.

Tuanze na maneno, kwa kuwa ndiyo mali yetu. Lugha yetu yatofautisha kufukuzwa na kupunguzwa. Mtu hufukuzwa kwa kosa lake, lakini hupunguzwa kwa hesabu ya wengine. Kinachopungua ni idadi, naye hakuulizwa. Hata hivyo aibu imshikayo aliyepunguzwa yalingana na ile ya aliyekamatwa akiiba, na jambo hili halina haki hata kidogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa reli, wa posta na wa shirika la ndege walipoteza kazi zao kwa sababu serikali tatu hazikupatana. Katika miaka ya 1990 Serikali ya Uganda, iliyokuwa na watumishi wapatao 320,000 mwaka 1990, ilipunguza karibu nusu yao. Na shule zetu zilipofungwa mwezi Machi 2020, zisifunguliwe kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022, walimu wengi wa shule za watu binafsi walikaa bila mshahara. Wako waliofyatua matofali, wako walioendesha bodaboda, na wako walioshika njia ya kwenda nchi za Ghuba. Ni kosa gani lililofanywa na mwalimu hao wote? Hakuna. Lakini mtu asiye na kosa akijiona mkosaji, jambo la kwanza alifanyalo ni kuficha, na hapo ndipo mashaka yanapoanzia.

Nchi ya mbali twaiita kwa majina mawili ambayo yafaa kupambanuliwa hata darasani. La kwanza ni ng'ambo, yaani upande wa pili wa maji. Kule Unguja, Ng'ambo ni mtaa uliokuwa upande wa pili wa hori kutoka Mji Mkongwe, hivyo mtu aliweza kwenda ng'ambo na kurudi kabla chakula hakijaiva. Jina hili halimhukumu msafiri, maana aliyeko kule naye hutuona sisi kuwa ndio wa ng'ambo. La pili ni ughaibuni, nalo limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kutokuwapo, kufichika machoni. Jina hili ni la wale waliobaki. Wanatazama kiti, mwenyewe hayupo. Na wahenga hawakumhurumia asiyekuwapo, kwani walisema na lake halipo.

Msafiri, basi, hujiandaa kwenda ng'ambo. Hutafuta pasipoti, hupimwa afya, husomewa mkataba, hununua sanduku. Maandalizi haya yote ni yake. Ya kuwaandaa wale ambao kwao atakuwa ughaibuni huyaacha mpaka usiku wa mwisho, au huyafunika kwa hadithi.

Tunamjua mwenzetu mmoja, mwalimu wa sekondari, ambaye shule yake ilifunga madarasa ya juu ikawaachisha walimu tisa. Wakala wa ajira akampatia kazi ya ulinzi Dubai, ya kusimama mlangoni mwa duka kwa zamu ya saa kumi na mbili. Ni kazi ya halali, na hatuoni kwa nini mtu aionee haya. Yeye aliona haya. Huko kwao, upande wa Masaka, alisema amechukuliwa kufundisha lugha katika chuo. Baba yake, kwa furaha, akauza sehemu ya shamba la kahawa ili alipe ada na nauli, akiamini kwamba mshahara wa mwalimu wa chuo utalirudisha shamba katika mwaka mmoja. Miaka miwili ikapita. Mkataba ulipokwisha mwenzetu alirudi, lakini hakwenda kwao. Alijificha Kampala kwa rafiki yake muda wa wiki tatu, akikopa fedha za zawadi na za suti, ilhali watoto wake walikuwa mbali naye kwa safari ya asubuhi moja tu. Kilichomzuia barabarani hakikuwa umaskini, kwani maskini hurudi kwao kila siku. Alizuiwa na yule mwalimu wa chuo aliyemzua mwenyewe, ambaye sharti afike nyumbani kabla yake.

Yumkini msomaji atatupinga. Atasema kwamba kila nyumba ina siri yake, na kwamba mama mzee mwenye ugonjwa wa moyo hahitaji kuelezwa habari za barua za kuachishwa. Twaukubali upinzani huu kwa sehemu. Kunyamaza si sawa na kuzua. Jirani anayeuliza njiani hana dai lolote, na akijibiwa “naenda kutafuta maisha” amejibiwa vya kutosha. Lakini wako watu ambao kunyamaza mbele yao ni kuwadhulumu, nao hatuwapimi kwa ukaribu wa damu wala kwa umri. Twawapima kwa mzigo. Yeyote atakayebeba sehemu ya mzigo wa safari ile ana haki ya kujua ni mzigo gani. Baba yule aliuza shamba kwa ajili ya chuo kisichokuwapo. Hatuwezi kusema kwamba alikubali kulipia kazi ya mlangoni, kwa kuwa hakuulizwa juu ya kazi ya mlangoni. Pengine angalikubali. Pengine angaliuza kidogo zaidi, au angalimwambia mwanawe akae walime pamoja. Uamuzi huo ulikuwa wake, naye alinyang'anywa.

Mzigo huu hauishii nyumbani. Wengi wetu tumo katika vyama vya akiba na mikopo, na tunajua jinsi vinavyofanya kazi: mwalimu akikopa, wenzake hutia sahihi kumdhamini, na asipolipa akiba zao hukatwa. Makato ya mkopo hutolewa katika mshahara. Sasa mshahara umekatika na mkopaji anatafuta viza. Tumewahi kuona wadhamini wakipata habari za safari ya mwenzao kutoka kwa karani wa chama, mwezi wa tatu baada ya ndege kuondoka, fedha walizowekea ada za watoto zikiwa zimekwisha kupunguzwa. Hao nao walipunguziwa bila kuulizwa. Aliyelalamika kwamba mwajiri alimfanya kuwa tarakimu amewafanya wenziwe vivyo hivyo, na hatuoni kwamba machungu ya kwanza yanahalalisha ya pili.

Tena huko aendako atakutana na udhamini wa namna nyingine. Katika nchi za Ghuba mfanyakazi mgeni huwa chini ya kafili, ambaye kibali chake cha kukaa nchini hufungamana naye. Sheria zimelegezwa mahali mahali. Qatar iliondoa mwaka 2020 sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri kabla ya kubadili kazi. Saudia nayo ilitoa nafuu mwaka 2021, ila watumishi wa nyumbani hawakuingizwa. Twayataja haya kwa sababu aliyekwenda kwa uongo huko huwa peke yake kabisa. Akidhulumiwa, atamwandikia nani? Mwalimu wa chuo hawezi kuomba msaada kwa taabu za mlinzi au za mtumishi wa nyumbani. Waliobaki wakijua ukweli, angalau wanajua jina la kampuni na wanajua walalamike wapi.

Hata hivyo tusimtwishe msafiri lawama yote. Uongo wa safari hupikwa na wengi. Sisi tunaobaki ndio tunaomwuliza aliyeachishwa, “Ulifanya nini hata wakakutoa?” Sisi ndio tunaotazama sanduku kabla ya kutazama uso. Katika chumba cha walimu tumesikia watu wakihesabu michango ya harusi na matanga ambayo Fulani wa Doha “hawezi kushindwa” kuitoa, na hapana aliyejua Fulani analala wangapi chumbani. Jamii inayodai ukweli sharti iwe na mahali pa kuuweka, na kwa sasa hatuna hakika kwamba vyumba vyetu vya walimu ni mahali hapo.

Wenzetu Waislamu wanaojiandaa kwenda Hija hutakiwa kwanza walipe madeni yao au wawaridhishe wanaowadai, wawaachie jamaa masurufu ya kutosha mpaka watakaporudi, na waombe radhi kwa waliowakosea. Hayo yote hutangulia kufunga mzigo. Msafiri wa kazi, ambaye huenda kwa muda mrefu zaidi, ameachiwa hiari yake. Lakini lugha haikumwachia. Kitenzi kuaga, kikitiwa kiambishi cha kutendana, hutupa kuagana, na kuagana kuna maana mbili: kupeana kwaheri, na pia kuwekeana ahadi, ambako ndiko lilikotoka neno agano. Waliotangulia hawakuona haja ya vitenzi viwili. Anayeondoka bila mapatano na anaowaacha ameaga tu, hata kama waliandamana naye mpaka Entebbe.

Mwenzetu wa Masaka alikaa nyumbani miezi minane, kisha akapata mkataba mwingine, wa ulinzi kama ule wa kwanza. Safari hii alimwonyesha baba yake karatasi zote na mshahara uliotajwa ndani yake, akamtafsiria kila sharti. Mzee alikaa kimya, baadaye akauliza kama kofia ya ulinzi huvaliwa hata juani. Kisha mwenzetu akawaita wadhamini wake watatu wa chama cha mikopo, akawasomea kiasi alichokusudia kuleta kila mwezi na miezi ambayo huenda asilete. Wawili walikubali. Wa tatu alisema ana mtoto anayeingia sekondari na hawezi. Akamwomba atafute mtu mwingine. Ilichukua siku kumi na moja kumpata, na tiketi ikasogezwa mbele.