Ikhtilafu ya Wapimaji

Mpishi wa Ruring'u, kando ya mji wa Nyeri, anapofunga mtungi mpya wa gesi na kunusa harufu ya kitu kilichooza, huinuka upesi akafungua dirisha. Na huenda asijue kwamba harufu ile si ya gesi yenyewe, bali ni ya merkaptani, msombo wa salfa uliotiwa humo kwa makusudi na kwa kiasi kidogo mno. Mnamo Machi 18, 1937, huko New London, Texas, gesi isiyonuka ilijaa chini ya skuli, ikalipuka na kuangamiza roho zipatazo mia tatu. Tangu msiba ule pua ya mwanadamu ikazidi kutegemewa kuwa shahidi.

Walakini shahidi huyu ni dhaifu. Kutu ya mtungi huila merkaptani, gesi ikabaki bila mnadi wake. Na hidrojeni salfaidi, gesi ya sumu itokayo pamoja na mvuke wa jotoardhi wa Olkaria, ikizidi hewani huua hisi ya kunusa, hata mtu akadhani hatari imepita, kumbe ndiyo kwanza imemfikia. Hakika, basi, tutaijuaje?

Maabara za vipimo za mataifa zina adabu yao katika jambo hili. Hupelekewa mitungi ya naitrojeni yenye hidrojeni salfaidi, mathalani molekuli 10 katika kila milioni. Kiasi hicho kimekwisha kujulikana kwa mizani ila kimewekwa siri, na kila maabara hutoa jawabu kabla ya kuona la mwenziwe, ikitaja pamoja nalo kadiri ya shaka yake. Majawabu hukhitilafiana, kwani salfa hung'ang'ania kuta za mitungi na mabomba.

Mwenye pupa atasema kwamba, maadamu wajuzi hawaafikiani, hakika haipo. Kauli hiyo ni batili: jawabu moja haliwezi kuwa karibu, na jingine mbali, pasipokuwapo kitu cha kukaribiwa. Tena, anayelaumiwa zaidi si yule aliyekosea kwa mengi akakiri shaka pana, bali aliyekosea kwa machache akadai kuwa hana shaka.

Adabu hii si ngeni katika dini: wanavyuoni wa kale wa Kiislamu walihitimisha fatwa zao kwa kusema kwamba Mungu ndiye ajuaye zaidi, wala hawakuacha kutoa hukumu kwa sababu hiyo. Nasi tunaohojiana juu ya dini, msikitini na kanisani, tungefuata sharti hilo hilo: kila mtu aseme alionalo, na ataje mpaka wa ujuzi wake.