Mlipaji na Mpita Lango

Alfajiri katika vitongoji vya kaskazini mwa Johannesburg, upande wa Fourways, teksi za abiria hushusha wafanyakazi wa nyumbani, watunza bustani na mafundi mbele ya malango ya mitaa iliyozungushiwa kuta. Mkazi hupita na gari lake, kizuizi kikainuka. Mfanyakazi husimama, huonyesha kadi au huweka kidole kwenye mashine, na pengine husubiri mpaka mwajiri apigiwe simu. Anayemsimamisha ni mlinzi, naye pia hakai humo. Aliyeweka sharti hayupo langoni: ni chama cha wamiliki wa nyumba. Swali la kimaadili linaanzia hapo. Chama hicho kimepata wapi mamlaka ya kumwamuru mtu asiye mwanachama wake?

Jibu la kawaida hutafutwa katika namna chama kinavyoundwa na kugharimiwa. Nchini Afrika Kusini chama cha aina hii huwa ama kampuni isiyo ya faida chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2008, ama umoja wenye katiba yake. Katika mitaa iliyojengwa ndani ya ukuta tangu mwanzo, uanachama hauombwi: kwa kawaida hati ya nyumba hubeba sharti kwamba kila anayenunua amekwisha kuwa mwanachama. Mara moja kwa mwaka wanachama hukutana, huchagua wakurugenzi na kujadili hesabu na bajeti. Gharama za walinzi, taa, barabara za ndani, bustani, bima na mshahara wa meneja hujumlishwa na kugawanywa, na fungu la kila nyumba ndilo ada ya mwezi. Chama chenye busara hutenga akiba kwa ajili ya matengenezo makubwa. Kisichotenga hulazimika kudai mchango wa ziada siku bomba linapopasuka au ukuta unapoanguka.

Ada hii ina meno. Katika mitaa mingi nyumba haiwezi kuhamishiwa mnunuzi kabla chama hakijathibitisha kwamba deni limelipwa. Mwaka 2014, katika kesi ya Willow Waters, Mahakama ya Juu ya Rufani iliamua kwamba sharti kama hilo lililoandikwa katika hati huishika mali yenyewe, hata mwenye nyumba anapofilisika. Tangu Oktoba 2016 kipo pia chombo cha umma cha kusuluhisha migogoro ya makazi ya pamoja, ambacho nacho hukusanya tozo kupitia ada hizo hizo: asilimia 2 ya kiasi kinachozidi randi 500, isiyopita randi 40 kwa mwezi. Chama, basi, ni serikali ndogo yenye kodi, sheria, faini na askari, na mwanachama wake huweza kuihoji juu ya kila taa iliyonunuliwa. Raia wengi wa jiji lenyewe hawana bahati hiyo.

Uhalali wa serikali hii hutegemea mkataba. Mwaka 2019 mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya mtaa wa Mount Edgecombe ulioko KwaZulu-Natal, ilikubali kwamba chama kinaweza kuweka kikomo cha mwendo wa magari katika barabara zake na kuwatoza faini wanachama, kwa kuwa wamiliki walijifunga wenyewe waliponunua. Hoja hiyo ina nguvu. Aliyenunua ameyakubali masharti, ana kura, na akichoka anaweza kuuza.

Lakini nguvu hiyo ina mpaka wake. Mkataba humfunga aliyetia saini. Mwanamke anayefua na kupika ndani ya mtaa hakutia saini chochote mbele ya chama, hana kura katika mkutano wa mwaka, wala hana nyumba ya kuuza akichukizwa. Hata hivyo, kanuni inayoamua saa zake za kuingia na njia atakayopita imetungwa na watu walioketi bila yeye.

Utata huu huzidi katika vitongoji vya zamani, ambako barabara ni za umma. Sheria ya jimbo la Gauteng ya mwaka 1998 iliwawezesha wakazi kuliomba jiji kibali cha kudhibiti njia kwa sababu za usalama. Huko chama hakiwezi kumlazimisha jirani kuchangia. Wengine hulipa, wengine hulindwa bure, na mlipaji hunung'unika kwa haki. Hatari huja pale manung'uniko yanapogeuka kuwa dai kwamba aliyemlipa mlinzi ameinunua njia. Mwaka 2005 Tume ya Haki za Binadamu ya Afrika Kusini, baada ya kuchunguza suala hili, ilieleza kwamba haiungi mkono ufungaji huo wa barabara, kwa kuwa huzidi kuigawa jamii.

Katika jiji hili onyo hilo lina historia. Hadi mwaka 1986 Mwafrika alilazimika kuwa na pasi ili aonekane halali mjini. Ofisi iliyosimamia pasi hizo mjini Johannesburg ilikuwa katika jengo la 80 Albert Street. Kadi ya langoni siyo pasi ya kaburu: haikutungwa kwa rangi, na haimfukuzi mtu mjini. Hata hivyo, anayeionyesha kila asubuhi mara nyingi ni mjukuu wa aliyeonyesha pasi. Chama kisichoijua kumbukumbu hiyo hakiwezi kuelewa kwa nini adabu ya mlinzi ni jambo zito kuliko ratiba ya kukata nyasi.

Jengo lile lile linafundisha pia upande wa pili. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023, likiwa mali ya jiji na likijulikana kama Usindiso, liliungua na kuua watu zaidi ya 70, wakiwamo wahamiaji kutoka Malawi na Tanzania. Jiji lilikuwa limeliacha bila usimamizi. Anayewalaumu wakazi wa kaskazini kwa kujifungia hana budi kukiri kwamba hofu yao ni ya kweli, na kwamba mahali ambapo hakuna anayesimamia, maskini ndiye hufa kwanza.

Kwa hiyo kuvunja vyama hakutamsaidia mpita lango. Kinachodaiwa ni kwamba chama kikumbuke nguvu yake inatoka wapi. Juu ya mwanachama kina mkataba, na kinaweza kumtoza na kumtoza faini. Juu ya asiye mwanachama hakina mkataba. Kinachobaki ni wajibu tu, na wajibu huu una gharama inayoweza kuingizwa katika bajeti: kibanda chenye kivuli cha kusubiria, choo, mafunzo ya walinzi, na utaratibu wa kusikiliza malalamiko ya mfanyakazi bila kupitia kwa mwajiri wake. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mitaa hii mgeni huja kila siku saa kumi na mbili asubuhi, na mwenyeji hupona kwa kazi ya mikono yake.